Habari Ziwafikie

Mlango wa jikoni

Wiki saba zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Unguja, nikingojea niletewe majalada ya hesabu za mwezi. Ilikuwa mchana, kaskazi inavuma, na wageni wachache waliokuwepo walikuwa wamejianika juani kama ng'onda. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na redio ndogo, na redio hiyo ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

Maneno nilikuwa nayajua kabla hayajatamkwa. Fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Maziko yatafanyika leo saa 10 alasiri huko kijijini. Habari ziwafikie fulani wa Mkokotoni, fulani wa Makunduchi, fulani wa Wete, fulani wa Tanga, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo.

Mpishi aliyekuwa akikata vitunguu aliacha kukata. Kijana aliyekuwa akifuta glasi alibaki ameishika glasi moja, kitambaa kikiwa bado ndani yake. Hakuna aliyesema neno. Sisi wa hapa tunaujua ukimya ule: ni wa mtu anayeyafuata majina moja baada ya jingine, akiomba lake lisitajwe na hapohapo akihofia lisije likarukwa.

Ndipo msimamizi alipoingia. "Jamani, wageni," alisema, wala hakusema kwa ukali. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe mwenyewe, na pakaanza muziki usiokuwa na maneno, ule wa kuwafanya watu waendelee kuagiza vinywaji. Mpishi alijifuta mikono, akatoka kwa mlango wa nyuma, simu sikioni.

Majalada yakaletwa, nikayapitia, nikarudi mjini.

Nilidhani yameishia hapo.

Kilichonikaa rohoni

Siku za mwanzo nilijiambia kwamba nimemkasirikia msimamizi yule. Nilitunga kichwani makala nzima juu ya kisiwa kinachowauzia wageni taarabu usiku na kuwazimia wenyeji redio mchana. Ingekuwa makala rahisi kuandika, na ninyi mngeipenda, lakini kila nilipoianza ilinifia mkononi, kwa sababu yule bwana hakuwa na kosa kubwa. Mtu aliyelipa fedha nyingi kuja kupumzika hana haja ya kusomewa maiti wa watu asiowajua wakati anakula pweza wake.

Baada ya wiki mbili tatu niligundua kwamba hasira yangu haikumhusu msimamizi. Ilihusu orodha ile ya majina. Nami niliwahi kuiandika orodha kama ile, kwa mkono wangu, kwenye kaunta ya Raha Leo, kwenye redio yetu ya Zanzibar, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu redio hii imebebeshwa lawama isiyokuwa yake.

Nitafika huko. Lakini siwezi kufika bila kupita kwanza kwenye historia ya redio yenyewe, kwa sababu nimejaribu kuanzia mwisho na nimeshindwa.

Ng'ambo

Ilianza mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Unguja, chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka mmoja tu kabla yake, Julai 1950, Siti binti Saad alikuwa amefariki. Hilo huniuma kila ninapolifikiria: mwanamke aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake inaswe kwenye santuri, na ambaye santuri hizo zilisikika katika mwambao mzima, hakuwahi kusikia redio ya kwao ikisema jina lake. Redio ilirithi santuri, mwenyewe haikumdiriki.

Waliokuwa na fedha walikuwa na redio zao, na wasiokuwa nazo walikwenda kuzisikiliza barazani kwa watu na kwenye migahawa. Serikali iliyoianzisha stesheni ile ilikuwa na mambo yake ya kuwaambia watu, juu ya afya na kilimo na utii. Haikuwa peke yake hewani kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Cairo nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, watangazaji wake wakiwemo vijana wa Unguja, na watu wakaanza kuzungusha vitufe vyao usiku kutafuta sauti iliyosema mambo ambayo ya nyumbani haikuthubutu kuyasema.

Jambo ninalotaka tuliangalie kwa makini ni mahali ilipowekwa. Wageni wanaokuja leo huonyeshwa Mji Mkongwe: Ngome Kongwe, Forodhani, milango ya kuchongwa. Redio yetu haikuwekwa huko. Iliwekwa Raha Leo, Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, kwenye nyumba za udongo na makuti ambazo baadaye zilipisha majumba ya maendeleo. Ng'ambo ndiko waliko watu wengi, na mpaka leo mgeni akionekana huko huulizwa kama amepotea njia.

Na kwa nini matangazo ya vifo? Kwa sababu ya haraka ya maziko. Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi alasiri ameshawekwa kaburini. Gazeti lingewafikia jamaa kesho yake, barua ingefika siku ya arubaini. Mtu wa baiskeli angeweza kutumwa vijiji viwili vitatu, lakini nani angemvukisha mkondo kwenda Pemba? Kabla ya simu kumfikia kila mtu, hapakuwa na njia nyingine ya kumjulisha ndugu aliye Micheweni kwamba ana saa sita za kuwahi, au kwamba hawezi kuwahi tena na akae kitako amwombee marehemu hukohuko aliko.

Kwa hiyo familia ilifanya kazi mbili kwa pamoja: huyu anakwenda kununua sanda, yule anakwenda Raha Leo.

Sauti isiyokuwa na uso

Ningependa kuruka kutoka hapo moja kwa moja mpaka kwenye taarabu, lakini haitakuwa haki.

Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 watu wa visiwa hivi waliwasha redio zao na kumsikia mtu ambaye wengi wao hawakumjua. Alikuwa John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa ameishi Pemba, na alijiita Field Marshal. Raha Leo ilikuwa imegeuka makao makuu ya mapinduzi. Vitisho alivyovitoa kwenye kipaza sauti kile, wazee wengi wanavikumbuka mpaka hii leo, wengine neno kwa neno. Sultani aliondoka siku hiyohiyo kwa meli. Miezi michache baadaye Okello mwenyewe hakuruhusiwa tena kukanyaga Unguja, na historia ikaendelea bila yeye, lakini kwa siku zile chache nchi ilitawaliwa na sauti kabla haijauona uso wa mwenye sauti.

Marehemu bibi yangu hakuwahi kunisimulia juu ya siku zile. Ninachojua ni kwamba kila ilipofika tarehe 12 Januari, yeye ambaye redio yake haikuzimwa toka alfajiri mpaka Isha, aliizima na kuifunika kanga. Aliifunua siku ya pili. Hakusema sababu, nasi hatukuuliza. Na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee mwema aliyenifundisha kuogelea, siku hiyohiyo aliifungulia redio yake mpaka mwisho na kuitoa barazani ili na wapita njia wasikie.

Walipendana sana wazee wale. Walipelekeana futari Ramadhani nzima.

Nimejiuliza mara nyingi kama inafaa kukipenda chombo kilichowahi kutumiwa namna ile. Kipaza sauti kilekile, jengo lilelile. Chombo kilichokuwa kikitangaza vifo kwa upole, mchana wa siku moja kilitangaza vifo vitakavyokuja. Jibu sina, na nimeacha kulitafuta katika hoja. Ninapolifikiria suala hili huiona kanga ya bibi juu ya redio, nikakumbuka kwamba siku ya pili aliifunua.

Dole, mita 25

Baada ya Muungano mambo ya utangazaji hayakuingizwa kwenye mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ikabaki na redio yake, mbali na ile ya Dar es Salaam, na jina likawa Sauti ya Tanzania Zanzibar. Kwa waliokulia miaka ya 1970 na 1980, STZ ilikuwa ndiyo saa ya ukutani: taarifa ya habari, taarabu, mawaidha, na mwezi wa Ramadhani kungojea kutangazwa kuandama kwa mwezi, watoto wote wamejipanga mbele ya redio kana kwamba mwezi utachomoza humo. Mwaka 1973 ikaja televisheni, tena ya rangi, jambo ambalo Bara hawakuwa nalo, na ambalo bado tunajivunia hata sisi ambao nyumbani kwetu haikuwepo.

Lakini ajabu ya redio ile ilikuwa Dole, nje kidogo ya mji, kwenye mtambo wa masafa mafupi. Mawimbi yake, kilohezi 11735, katika mkanda wa mita 25, yana tabia ya ajabu: huruka juu, yakagonga tabaka la anga lenye umeme, yakateremka mbali sana, na kati ya mtambo na mahali yanapoteremka hubaki eneo ambalo wimbi limelipita juu kwa juu. Maana yake ni kwamba mtu aliye mamia ya maili kutoka Dole anaweza kusikia vizuri kuliko aliye ng'ambo tu ya mkondo.

Kaka yake bibi, ambaye sisi tulimwita babu, alikuwa Muscat. Aliondoka na wengi walioondoka. Kila jioni, kwa maelezo yake mwenyewe, aliitoa redio kwenye veranda, akaivuta eriali yote, akaielekeza anakojua yeye, na kusikiliza. Siku moja simu za nje zilipokuwa zimeshakuwa rahisi kidogo alitupigia kutupa pole kwa msiba wa jirani, na sisi tuliokuwa mitaa miwili tu kutoka nyumba ya msiba tulikuwa hatujasikia lolote. Baba yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavaa kofia, akatoka kwenda mazikoni.

Wako pia Wazungu wenye mapenzi ya kusaka stesheni za mbali, ambao usiku waliikamata Unguja kutoka vyumbani kwao Ulaya, wakaandika kwenye madaftari yao kwamba wamesikia taarabu, na saa 3 usiku taarifa ya habari kwa Kiingereza kwa jina la Spice FM. Hao walikuwa wageni wetu wa aina nyingine. Walitujia bila kupanda ndege, na walichokuja kukisikiliza ni kilekile tulichokuwa tukikisikiliza wenyewe. Jikoni kwa yule msimamizi wasingeomba redio izimwe.

Minazi ya Nungwi

Utalii mnaujua, sitauelezea. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984 milango ilianza kufunguka, na kufika miaka ya 1990 hoteli zilikuwa zinaota Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Redio za watu binafsi zikafuata, na majina yao nayaona kama mizani: moja ikajiita Zenj FM, nyingine Coconut FM. Sina ugomvi na yoyote kati yao, na muziki wao naupenda, ila sijaacha kujiuliza nazi ile ilimwita nani kwa Kiingereza.

Kwetu sisi utalii uliingia kwa minazi.

Bibi alikuwa na sehemu yake katika minazi ya wazee wake huko Nungwi. Ardhi, kama mnavyojua, ni ya serikali. Kinachomilikiwa na kuuzwa ni miti iliyo juu yake, na kwa njia hiyo watu wamenunua fukwe nzima kwa bei ya minazi. Ami yangu, mtoto wa dada yake bibi, ambaye bibi alimlea tangu akiwa na miaka minne, ndiye aliyekuwa akiitunza. Siku moja tulisikia kwamba minazi imekatwa. Ami alikuwa ameiuza, yake na ya wenziwe, kwa mtu aliyekuja na mkoba, na fedha alizopata alinunulia mashine ya boti.

Bibi hakumshitaki. Alisema tu, "Kanikata mkono niliomlishia," na hakurejea maneno hayo tena. Sisi vijana tuliyarejea kwa niaba yake, miaka na miaka. Nilipoanza kazi ya uhasibu na kuona hoteli za huko zinaingiza kiasi gani kwa usiku mmoja, hasira yangu ilipata na tarakimu.

Miezi mitatu ya giza

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika. Tulikuwa tumeshalionja jambo hili mwaka uliotangulia, karibu mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, kwa hiyo tulidhani tunalijua. Umeme wetu wakati huo ulitoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 na kutokeza Fumba. Safari hii haukurudi mpaka Machi 2010.

Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa. Pampu hazikusukuma maji, vyakula vilioza, usiku mji uliunguruma kwa jenereta za wenye uwezo, na hoteli ziling'ara ufukweni kama meli zilizotia nanga. Simu zilizimika moja baada ya nyingine. Ulimpa mtu wa jenereta simu yako akuchajie, ukairudia jioni ukakuta foleni.

Kilichofufuka ni redio za betri. Zilitolewa mvunguni mwa vitanda, zikafutwa vumbi, na betri zilipoishiwa nguvu tulizianika juani kwenye ungo, kama tulivyofanya utotoni, ili zitoe saa moja zaidi. Baba alikuwa na mpangilio wake: betri nne kazini, nne kwenye ungo, na mimi mkubwa mzima nilipewa kazi ya kuzigeuza adhuhuri kama mtoto anayegeuza dagaa.

Bibi alifariki mwezi Februari, usiku wa manane, kwa utulivu.

Asubuhi baba alikaa na daftari la skuli, akachana karatasi, akaandika majina. Simu zilizokuwa na chaji nyumbani zilikuwa mbili, na watu waliostahili kuambiwa walikuwa wametapakaa kutoka Makunduchi mpaka Muscat. "Nenda Raha Leo," alisema. "Wahi kabla ya saa 7."

Kaunta

Nakumbuka kaunta ilikuwa ya mbao, imelainika kwa viwiko vya watu. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja ambaye naye alikuwa na karatasi yake, na nyuma yangu mwanamke aliyejifunika ushungi uso mzima, analia bila sauti. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe amekuja kwa lipi. Karani alinipa karatasi safi ninakili tangazo kwa mwandiko unaosomeka, akasema pole kwa sauti ambayo mpaka leo naikumbuka, kwa sababu alikuwa ameshaisema mara nyingi asubuhi ile na bado ilikuwa pole.

Nikaanza kunakili. Jina la marehemu. Saa ya maziko. Habari ziwafikie. Kaka yake, Muscat. Mpwa wake, Wete. Mwanawe wa kunyonya, Tanga. Majina yalikuwa tisa. La saba lilikuwa la ami, wa Nungwi.

Kalamu yangu ilifika hapo ikasimama.

Sikuwa na haraka. Fedha za kulipia zilikuwa za kutosha. Ninayaandika haya ili nisijipe njia ya kutokea. Nililitazama jina lile kwa mwandiko wa baba, ambaye katika asubuhi ya kufiwa na mama yake hakusahau kuliweka, nikaiona minazi iliyokatwa. Nikaruka, nikaandika la nane. Nilijiambia kwamba atasikia tu, kwani jina la bibi litatajwa na yeye si kiziwi. Karani akanisomea tangazo lote, akauliza, "Basi, hao tu?"

Nikasema, "Hao tu."

Mchana tulikuwa uani, maiti ndani, redio juu ya kinu. Betri zilikuwa zimetoka juani muda si mrefu, zina joto. Mtangazaji alisoma vizuri, hakukosea herufi. Majina yalipomalizika baba aliinua uso wake.

"Wamemruka," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, ndefu kuliko zote nilizopata tangu hapo. Shangazi akaitikia kwamba hawa nao, kazi yao siku hizi ni kulipua, na mtu mwingine akasema labda karani alichoka, na jambo likaingia katika hadithi za nyumbani kama lilivyo. Ami hakuja mazikoni. Hakuja kwenye hitma. Kwa miaka yote hii, akitajwa ami, mtu husema: redio ilimruka, naye akasusa.

Redio haikumruka mtu.

Orodha

Mwaka 2013 redio na televisheni ziliunganishwa, tukapata Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, na siku hizi matangazo ya vifo hutangulia kwenye makundi ya WhatsApp kabla maiti hajaoshwa. Rafiki zangu huniuliza ni nini basi cha kuhangaika na redio. Kwa muda mrefu nami nilidhani ni mazoea tu ya wazee.

Sasa naona tofauti, na nimeiona kwa sababu ya ubaya wangu. Kwenye simu, asiyeambiwa hajui kwamba hakuambiwa. Anaweza kudhani ujumbe umechelewa, au namba yake imepotea. Redio haimwachi mtu na dhana hiyo. Orodha inasomwa mbele ya nchi nzima, mbele ya mpishi na muuza samaki na kondakta wa daladala, na kila mmoja anasikia nani ameitwa kwa jina na nani ameachwa katika ule mfuko wa "ndugu, jamaa na marafiki wote". Kumwondoa mtu humo ni kumwondoa hadharani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na maiti na manusura wakaletwa pwani ya Nungwi. Boti za wavuvi na za hoteli zilitoka kuokoa. Niliambiwa baadaye kwamba ya ami ilikuwamo, ile ya fedha za minazi, na kwamba alirudi na watu. Wangapi sikuuliza. Siku zilizofuata redio ilijaa vilio, nasi tulikaa mbele yake kutwa. Nilitaka kumpigia simu. Nikaghairi, kisha miaka ikapita.

Mpaka juzi, mlango wa jikoni ulipokuwa wazi.

Jumapili, Nungwi

Nilikwenda Jumapili iliyopita. Sikumwarifu. Nilimkuta barazani kwake, nyuma kabisa ya hoteli, mahali ambapo bahari huioni ila unaisikia, amekaa juu ya kitanda cha mayowe, redio ubavuni, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili kifuniko cha betri kisidondoke.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Wewe ni wa kaka yangu."

Chai ililetwa, na boflo. Tuliulizana hali za watu mpaka watu wakaisha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu Mahonda, na njiani nzima yalikuwa mazuri, lakini yalipotoka yalikuwa machache na yamekaa ovyo. Nilimwambia kwamba mwaka ule, baba aliliandika jina lake. Nilimwambia kwamba redio haikumruka.

Hakushtuka. Alivunja kipande cha boflo, akakichovya, akakila.

"Najua," alisema. "Wale husoma kilichoandikwa." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Nilikuwa nimeshavaa kanzu."

Nikamwambia kwamba aliyenakili ni mimi.

Alikaa kimya. Kwenye uchochoro alipita mzungu mmoja na mkewe, wamebeba viatu mkononi, wakatupungia, ami akawapungia. Redio ilikuwa imemaliza taarifa ya habari. Nilifungua mdomo ili niombe radhi sawasawa, kwa jina lake lote na la baba yake, kama inavyopasa, naye akainua kidole kunizuia, akaivuta redio karibu na sikio lake na kuiongeza sauti.

Majina yalikuwa yameanza.